Mbio za Jumamosi Ziliponigeuka

Kama unasoma haya ukiwa umeketi na moyo wako unaenda mbio utadhani kuna mtu anakufukuza, karibu, kaa hapa kando yangu. Sitakueleza mambo ya homoni, maana hata mimi nilipoelezwa niliitikia kwa kichwa tu na kutoka nje bila kujua nimeitikia nini. Nitakueleza jinsi nilivyoogopa. Wakati ule nilitafuta mtu wa kuniambia tu kwamba naye aliogopa, na kwamba bado yuko, anapika na kufua kama watu wengine. Sikumpata. Basi leo niwe mimi.

Mimi ni msusi. Niko na saluni ndogo hapa Machakos mjini, viti vitatu na kioo kimoja kirefu, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Mume wangu Kioko anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River. Anatoka asubuhi na mapema na kurudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Tuna mtoto mmoja wa kike, Syombua. Alipewa jina la mama yake Kioko, na kwetu Wakamba mtoto wa namna hiyo si mtoto hivi hivi. Ni mama mkwe wako mdogo, unamzaa, unamnyonyesha, na bado unamheshimu. Nyumbani tunamwita Mbua. Mwaka wa mambo haya alikuwa ameingia gredi ya kwanza na alikuwa anajua kila kitu.

Kukimbia nilianza kwa sababu ya mwili. Kazi ya saluni ni kusimama na kula maandazi, na mimi nilikuwa fundi wa yote mawili. Tulijikusanya wanawake kadhaa, wauza mboga, walimu, na mimi, tukaanza kukimbia asubuhi. Akatuona Mutuku, mwalimu wa michezo aliyestaafu, akatucheka vizuri, kisha akaanza kutufundisha. Tukamwita Kochi. Kwa Kochi, siku za katikati ya wiki ni za kujipasha tu. Siku yenyewe ni Jumamosi, siku ya mbio ndefu. Tunatoka mjini, tunashika barabara ya Kyumbi, tunakwenda hadi Kochi aseme geuzeni, na tunarudi.

Sijui kama wewe unakimbia. Kama hukimbii, nisikilize kidogo. Mbio ndefu zina dawa yake. Nilikuwa naondoka nyumbani nimebeba wiki nzima kichwani: mteja aliyekataa nywele baada ya kusukwa, Kioko aliyesahau gesi, mwenye nyumba. Sehemu ya kwanza ya barabara nagombana nao wote kimoyomoyo. Halafu mahali fulani, tukishageuza, maneno yanaisha. Unabaki na pumzi na viatu. Nikifika nyumbani nampenda kila mtu, hata mwenye nyumba. Ijumaa jioni nikianza kununa, Kioko alikuwa ananiambia, "Wewe kesho nenda ukimbie, unirudishie mke wangu." Mbua alikuwa ananingoja langoni nikirudi kwa sababu alijua Jumamosi mchana hakuna kitu ataomba akanyimwa. Huyo mtoto si mjinga.

Basi ikafika Januari, lile jua kali la kabla ya mvua, na mimi nikaanza kupungua. Si kupungua kwa kujinyima chakula, la. Nakula ugali wa Kioko na wangu, na bado sketi inazunguka kiunoni. Jasho linanitiririka nikiwa nimesimama tu nasuka. Wanawake kwenye kikundi wakaanza kuniuliza nakula nini, na mimi, kwa maringo yangu, nikawa natoa ushauri! Ndimu na maji moto. Kochi naye akafurahi. Mwanzoni nilikuwa nakimbia mbele ya wote, moto mtupu, nafika wa kwanza. "Sasa umeiva," akaniambia mbele ya watu. "Mwili wa mkimbiaji ndio huo." Katika wanawake wote wa Machakos, mgonjwa ndiye aliyekuwa anapigiwa makofi.

Na hapo ndipo Jumamosi zikaanza kuharibika.

Siku ya kwanza sikuelewa. Nilimaliza mbio, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikingoja ile raha yangu ije. Ikaja woga. Hakuna kilichotokea, hakuna gari lililonikosakosa, hakuna mtu aliyenisemesha vibaya. Woga tu, umekuja na kukaa kifuani. Nikaanza kulia. Wenzangu wakasema ni uchovu, nikanywa maji, nikaenda nyumbani. Nikiwa njiani nikamtusi mtu wa bodaboda ambaye hata hakuwa ameniita.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo, na ile nyingine. Sasa sikiliza kosa nililofanya, kosa ambalo mtu asiyekimbia hawezi hata kulifikiria. Nilikuwa nimezoea kwamba roho ikichafuka dawa ni mbio. Kwa hivyo kadiri nilivyozidi kuharibika, ndivyo nilivyozidi kukimbia. Nikaongeza Jumatano. Nikawa naongeza kipande baada ya wenzangu kumaliza, nikiifukuza ile raha, na ninachorudi nacho nyumbani ni mikono inayotetemeka na hasira ya kutisha. Kochi akasema wakimbiaji wengi huwa wakali mazoezi yakipanda. Nikasema sawa, ndiyo hiyo.

Lakini moyoni nilikuwa najua si hiyo. Nilikuwa naogopa kwamba akili yangu inaniacha. Hilo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningeanzia wapi?

Jumamosi moja mwezi wa tatu, mawingu yakiwa yamejaa na mvua imekataa kunyesha, tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Kyumbi. Kwenye mlima mdogo ambao kwa kawaida siuhesabu hata kuwa mlima, mapaja yalikataa. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Moyo ulikuwa unapiga mpaka naona vitu vikicheza, na nilihisi kuna kitu nyuma yangu. Nikageuka. Kulikuwa na punda na mitungi yake ya maji na mwenyewe akimfuata, mzee wa watu, akanipungia mkono. Nikakimbia kama nimeona simba. Natamani ningecheka siku hiyo. Sikucheka.

Nikafika nyumbani, nikaoga, nikamweka Mbua kwenye kigoda nimsuke nywele za shule. Mikono ilikuwa haishiki. Mimi, msusi, nakosa mstari kwenye kichwa cha mtoto wangu! Nikarudia, nikarudia tena. Halafu mtoto wa jirani akaita dirishani, Mbua akageuza kichwa, mstari ukaniponyoka.

Sijui nilisema nini. Kioko anasema hakukuwa na maneno, ilikuwa sauti tu. Najua nilirusha kichana ukutani kikavunjika na kigoda nikakipiga teke. Simkumbuki Mbua akitoka mlangoni. Tulimpata nyuma ya nyumba, amejibana kati ya tangi la maji na ukuta, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na nguo imelowa. Nilipoinama kumwita akajisukuma ndani zaidi, mahali ambapo hata paka hawezi kupita. Alitoka alipoitwa na baba yake, na baba yake ilimbidi kwanza aniambie niingie nyumbani na nifunge mlango.

Nilifunga mlango. Nilikaa chini sakafuni nikaona mikono yangu ikitetemeka kwenye magoti, nikafikiria, basi ndiyo hii. Siku moja nitamuumiza. Hapo ndipo woga wangu ulipopata jina, na jina lenyewe lilikuwa Mbua.

Kioko akampigia mama yake simu. Mama mkwe wangu anaishi Mitaboni, ng'ambo ya milima ya Iveti, ana shamba la mahindi na mbaazi na msimamo wake. Siku ya pili alikuwa mlangoni kwetu na kanga begani.

"Mwaitu, karibu," nikamwambia. Ndivyo tunavyomwita mama mkwe, mama yetu.

"Sikuja kugombana," akasema. Hakukaa. "Na sikuja kuuliza. Nimekuja kujichukua."

Mtoto ni jina lake. Akaenda na Mbua na begi la shule, na Mbua hakuangalia nyuma. Nilisimama langoni mpaka walipokata kona. Nilimsikia akimuuliza nyanya yake, "Susu, na huko kwako kuna tangi?"

Wiki zilizofuata nilitibiwa kila kitu isipokuwa ugonjwa wangu. Kliniki ya kwanza ilisema taifodi, nikachomwa sindano. Ya pili ikasema mawazo, nikaambiwa nipumzike. Akina mama wa kanisa wakaja wakanizunguka sebuleni, wakaomba, wakaniambia nifunge kula. Walikuja kwa upendo na siwalaumu, lakini kwa mwili ule uliokuwa unajila wenyewe, kufunga kulikuwa balaa. Nilianguka saluni, mkono bado umeshika nywele za mteja. Mteja ndiye aliyenipeleka hospitali, nywele zake nusu, kitambaa kichwani, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha.

Hospitalini nilijifunza kungoja. Unangoja kuandikwa, unangoja kupimwa presha, unangoja jina lako lisomwe vibaya. Kwenye benchi kando yangu alikaa mama mmoja mzee wa Mwala ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka kama yangu. Aliniangalia muda, kisha akasema, "Lete huo mkono nikushikie, nao huu wangu upate kazi." Akaushika. Ikatetemeka yote miwili pamoja, tukaanza kucheka mpaka tukaangaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu Januari. Sikuuliza jina lake, wakamwita, akaenda.

Daktari alikuwa msichana mdogo, nikamdharau kidogo kwa umri. Akanishika mkono kuhesabu mapigo, akaacha, akaanza tena.

"Ulikuja ukikimbia?"

"Nimekaa hapo nje tangu asubuhi, daktari."

"Nyoosha shingo hivi. Meza mate. Meza tena." Akagusa shingo yangu kwa vidole. "Umepungua tangu lini?"

"Ni mbio. Huwa nakimbia."

"Kila mtu ana sababu yake," akasema, na akaandika nikatolewe damu.

Damu ilipelekwa Nairobi. Kungoja majibu ni ugonjwa mwingine ambao haujaandikiwa dawa. Nilikuwa nafungua saluni, nasuka mstari mmoja, nakaa. Mvua ndefu zilianza wiki hiyo, zikapiga bati mpaka hatusikizani, na mimi nikawa nashukuru kwa sababu hakuna aliyeniuliza kitu.

Majibu yakaja. Daktari akanieleza kwamba tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, inauchoma mwili kama jiko lililoachwa wazi. Jasho, kupungua, mikono, moyo, usingizi. Na hasira, na kilio, na woga usio na sababu. Mbio ndefu zilikuwa zinaongeza kuni kwenye moto. Mimi nilisikia kitu kimoja tu.

"Kwa hivyo sijarukwa na akili?"

"Hujarukwa."

Nililia pale mpaka Kioko akaona aibu. Halafu nikamuuliza lile lililonileta, "Na mtoto wangu ataacha kuniogopa?"

Aliweka kalamu chini. Nampenda kwa hilo, hakunidanganya. "Hiyo," akasema, "mimi sina dawa yake."

Nikapewa dawa mbili. Moja ya kutuliza moyo, nyingine ya kufunga hiyo tezi. Na amri: kukimbia nisikimbie mpaka aseme yeye. Ile ya moyo ilifanya kazi upesi. Nilikuwa nimesimama jikoni nakata sukuma wiki nikagundua kuna kimya kifuani. Nilizima redio nihakikishe. Nikamwita Kioko aje asikilize, akaweka sikio, akasema hasikii kitu, nikamwambia ndiyo hiyo, ndiyo maana yake!

Ile ya tezi ilikuwa mwendo wa pole. Kila baada ya wiki kadhaa narudi kutolewa damu, dawa inapunguzwa, inaongezwa. Hasira haikuondoka siku moja. Ilikuwa inaondoka na kurudi, inaondoka tena, na kila ikirudi nilikuwa naogopa kwamba dawa imeshindwa. Nikawa natamani mbio zangu kuliko chakula. Jumamosi asubuhi nawasikia wenzangu wakipita barabarani wakiongea, nafunika kichwa na blanketi.

Jumapili tulikuwa tunakwenda Mitaboni. Mbua alikuwa anatoka nyuma ya sketi ya nyanya yake, ananipa mkono kama ninavyopewa na mgeni, "Habari yako," halafu anarudi alikotoka. Si kwamba alinichukia. Alikuwa ananichunguza. Nikicheka kwa sauti anashtuka. Nikiinuka anaangalia mlango uko wapi. Nilijifunza kuinuka polepole. Kwenye meza ya wakwe zangu nilikuwa nakula chakula bila kusikia ladha, nikijiuliza kama hivi ndivyo itakavyokuwa hadi awe mkubwa.

Ile baridi ya mwezi wa saba ikaja, na ikaja na kitu. Daktari alikuwa amenionya tangu mwanzo: ile dawa ya tezi inaweza, kwa watu wachache, kuua askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa. Nikiumwa na koo au homa nisingoje, niache dawa siku hiyo hiyo na nije. Basi asubuhi moja nikaamka na koo kama nimemeza misumari.

Kioko aliomba ruhusa kazini. Tukakaa kwenye benchi lile lile tukingoja maabara, ukungu umeshuka mpaka madirishani, mimi nimefungwa shali mbili. Nilikuwa natetemeka, na safari hii si tezi. Nilikuwa nafikiria nitakufa Mbua akiwa bado ananiita "habari yako."

Kioko akaanza kuongea akiangalia sakafu. Huyu mtu haongei, nyinyi hamumjui.

"Unajua mimi pia nilikuwa nakuogopa?"

"Wewe? Na ukubwa huo?"

"Nilikuwa nikitoka kazi nakaa hapo nje kwa ukuta kwanza. Nasikiliza. Nikisikia unaongea vizuri ndio naingia. Siku zingine nilikuwa nangoja mpaka giza."

Sikujua. Nilikuwa nampikia, nampigia kelele kwamba amechelewa, na kumbe yuko hapo ukutani na vumbi lake anangoja sauti yangu ipoe. Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira ndani yangu nikaikosa, nikapata huruma tu, nikamwegemea begani. Tukakaa hivyo mpaka maabara ikatuita. Damu ikaonekana nzuri. Lilikuwa koo tu la baridi kama la kila mtu, nikarudishiwa dawa yangu na kuambiwa ninywe maji moto. Ndimu na maji moto! Kioko alicheka hadi langoni.

Basi mwili ukaanza kurudi. Mashavu kwanza, halafu sketi. Nywele zilizokuwa zinadondoka zikaota upya, fupi na kaidi. Wateja wale wale walionisifu wakaanza, "Ai, mama Mbua, umejiachilia." Niliwajibu vile mnavyojua ninajibu. Kochi alikuja saluni siku moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mimi nilikuwa nasema umeiva," akasema. "Kumbe ulikuwa unaungua."

"Kochi, wacha. Hata mimi nilikuwa nimeridhika na harufu."

Oktoba, mvua za vuli zikikaribia na watu wanatayarisha mashamba, daktari alisoma damu yangu akasema naweza kuanza kukimbia, polepole, na dawa naendelea nayo. Akanieleza pia kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, na ukirudi kuna njia nyingine. Nilitoka pale nikijua ninapaswa kuruka kwa furaha. Nilikwenda nyumbani nikaweka viatu chini ya kitanda. Vipande vifupi nilikimbia, ndiyo. Jumamosi ikifika napata kisingizio. Nilikuwa naogopa kufika mwisho wa mbio ndefu na kukuta ni nani anayeningoja pale.

Nikamwendea mama mkwe kumwomba mtoto. Nikamweleza habari za damu, nikamwonyesha mikono imetulia. Alikuwa anapepeta mbaazi, hakuacha.

"Sasa uko vizuri, naona," akasema. "Ukiwa umekaa kwa kiti wewe ni mzuri. Hata wakati ule ulikuwa mzuri kwa kiti."

"Unataka nifanye nini, mwaitu?"

"Mtoto anasema wewe ulikuwa unaharibika ukitoka kukimbia. Basi nataka nikuone ukitoka kukimbia. Ukuje kwa miguu mpaka hapa. Na yeye akuone."

Nilikasirika, hasira ya kawaida, ya mtu mzima. Halafu nikaona ana haki.

Kabla sijamaliza, wewe unayesoma: kama kitu kilichokuwa kinakupa furaha kimegeuka na kuanza kukupa woga, usikimbilie kukiongeza. Usiulize wakimbiaji wenzako, usiulize mdomo wangu. Nenda ushikwe shingo na utolewe damu. Na kama ni mtu wako anayebadilika, usikae nje kwa ukuta ukisikiliza. Ingia umwambie.

Jumamosi iliyofuata Kioko alitangulia Mitaboni. Mimi nikaondoka mjini peke yangu, nikapanda upande wa Iveti. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, udongo unanata, watu wako mashambani wanapanda, wananisalimia. Sikukimbia mbio za sifa. Nilikuwa najisikiliza kama mtu anayesikiliza mwizi nyumbani. Moyo umepanda, ni mlima au ni ule ugonjwa? Mkono umetetemeka, ni baridi? Kila jasho lilikuwa na swali lake. Juu kabisa nilisimama nikashika magoti, nikafikiria kurudi. Ningesema mguu uliuma. Nani angejua?

Nikateremka. Mahali fulani kwenye ule mteremko maneno yaliisha, sijui ni wapi, hayo hayatangazi. Niliposhtuka nimeshaona paa la mama mkwe.

Walikuwa wamekaa nje, Kioko na mama yake, kama watu wa kesi. Mbua alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Sikumwendea. Nilikaa kwenye kidaraja, lile jiwe refu la kukanyagia mlangoni pa jikoni, matope hadi magotini, nikangoja ule woga uje mbele yao wote.

Mbua akaja hadi katikati ya uwanja.

"Umekasirika?"

"Hapana. Niko na njaa."

"Lakini umekimbia."

"Nimekimbia."

"Utakaa hivyo mpaka saa ngapi?"

Kioko alifungua mdomo, mama yake akamgusa mkono. Na mimi nilikuwa na majibu mengi matamu, majibu ya mama. "Sijui," nikamwambia. "Nakunywa dawa kila siku. Leo sijasikia hasira. Ikikuja nitakuambia mapema, na wewe utaenda kwa baba."

"Basi tungoje tuone," akasema. Akaja akakaa kwenye kidaraja kile kile, mbali nami, mwisho kabisa ambapo jiwe linaishia. Nikaangalia mbele. Niliogopa hata kupumua kwa nguvu.

Tulikaa. Susu yake akarudi kwenye mbaazi zake. Kuku mmoja akatoka jikoni na vifaranga nyuma yake, anataka kupita pale pale kwenye ncha alipokaa Mbua, na Mbua akainua miguu kumpisha. Angeweza kusimama. Angeweza kuruka chini akaenda kwa baba. Akasogea upande wangu.